Mluzi wa Mjomba Galgalo

Usiku ule nililala na homa, tena nimenuna, kwa sababu asubuhi yake wageni wa kutazama ndege wangeongozwa na mdogo wangu Dama badala yangu. Mimi si mtu wa kuamini ndoto. Nani ana muda huo? Lakini hii, wallahi, hainitoki.

Nilijikuta ukingoni mwa bwawa letu la jangwani, kule Chalbi, jua halijatoka. Baridi inauma masikio. Heroe wamejaa majini, pamoja na vitwitwi, vindege wa ng'ambo waliokimbia theluji ya kwao, ila hakuna anayelia. Wote wanatazama upande mmoja, kwenye ukungu. Nainua darubini. Naona mgongo wa Dama, anakwenda.

Mjomba Galgalo yuko kando yangu. Ndiye aliyetufundisha kazi hii sote wawili, na tope la bwawa hilohilo ndilo lililommeza. Amesimama ndani ya maji na suruali yake ni kavu. Niliogopa.

Kwetu, ukungu ukishuka bwawani, hatuitani majina. Anayeongoza hupiga mluzi, mrefu kisha mfupi, na mwenzake hujibu vivyo hivyo. Mjomba alikuwa mkali kwa hilo. Ukiita jina, alikuwa anakupiga konzi la kichwa, hata uwe mtu mzima na watoto wako.

"Mjomba, umerudi?"

"Sijarudi. Nimesimama tu."

Mara tuko jikoni kwa mama, maji yametufika magotini, na ndege wamejipanga juu ya rafu ya masufuria, kimya. Mjomba anakunywa chai, anakunywa, na kikombe hakipungui.

"Mimi niliitwa kwa jina, nikaenda," anasema. "Mwambie Dama. Akiitwa kwa jina humo, anayemwita si mtu."

Niliamka nimelowa jasho. Kulikuwa kumekucha, na kitanda cha Dama kilikuwa kitupu. Nikampigia simu.

"Dada, si ulale, unaumwa wewe!" Dama akasema. "Tumeshafika. Ukungu wa leo, we! Wageni nimewaacha garini. Ila kuna mtu huko mbele ananiita, labda mmoja wao kashuka akapotea. Nakwenda kumtoa."

"Anakuita vipi?"

"Kwa jina. Dama, Dama, hachoki."

"Usinyanyue mguu!"

Nilitaka kueleza, nikaacha. Ndoto utaielezaje kwenye simu? Nikapiga mluzi, mrefu kisha mfupi.

Ukajibiwa. Haukuwa wa Dama, maana nilimsikia akihema mle mle kwenye simu. Ulisikika kwa mbali.

"Dada," akanong'ona, "umetoka nyuma yangu, upande wa nchi kavu. Huyo si Mjomba..."

"Ndiye," nikamwambia, machozi yakinitoka. "Geuka, mama. Mfuate."