Nimeuonyesha ukuta kitambulisho

Leo nimeuonyesha ukuta kitambulisho changu, na watu wamenirekodi.

Nilimpeleka mama kwenye maonyesho ya picha za kidijitali hapa Kampala. Chumba kizima kimefanywa mji wa miaka ya sabini, enzi za utawala wa jeshi. Hugusi kitu. Unapunga mkono tu, kamera inakuona, picha inabadilika.

Njia nzima kutoka nyumbani Kyebando nilikuwa namweleza mama kwamba mimi nisingewaogopa wale askari hata kidogo. Mama, aliyeishi enzi hizo, alikuwa anatazama nje tu.

Tukafika kwenye kizuizi cha barabarani. Askari wa mwanga pale ukutani, mrefu kuliko mlango, akanigeukia.

"Simama. Kitambulisho iko wapi?"

Nilitakiwa kupunga mkono, kizuizi kifunguke. Basi.

Mimi nikatoa pochi. Nikakishika kitambulisho kwa mikono miwili.

"Hiki hapa, afande. Samahani, afande."

Samahani ya nini? Hata sijui.

Binti anayeongoza wageni akaniambia kwa upole, "Ssebo, bwana, huyo ni picha."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Haya, na nyie chekeni, video mtaiona tu.

Mama hakucheka. Alinishika kiwiko.

"Baba yako naye alisema hivyohivyo, kwenye kizuizi cha askari pale Kawempe. Aliomba samahani bila kosa. Ndiyo maana alirudi nyumbani, na wewe ukazaliwa."

Kisha akapunga mkono, kizuizi kikafunguka, tukapita.