Kuku wa Miwani wa Mtaa wa Aggrey

Kuna mtaa mmoja Kariakoo ambao mpaka leo siupiti, nazunguka kule nyuma kama mwizi, na sikuiba kitu, ni aibu tu, aibu niliyojitengenezea kwa mdomo wangu mwenyewe, na kwa kuwa nyie mmeshaisikia vipande vipande kwa watu (wanaoongeza chumvi), bora niisimulie mimi mwenye mali.

Mnajua kazi yangu ni kuchora mabango kwa brashi, saluni za kiume, vibanda vya chipsi, na yule samaki anayetabasamu kule soko la samaki Feri ni wangu. Sasa siku hizi kila mteja anataka mchoro wa kompyuta, kazi zimekauka, hivyo Mama Shamsa, mwenye duka la kanga Mtaa wa Uhuru, aliponiuliza kama nachora kwa kompyuta, maana anatafuta mchoraji wake mwenyewe wa kanga mpya kila msimu, nikajibu bila kupepesa macho, "Mama, hiyo ndiyo kazi yangu miaka yote." Kazi ya kudumu ile, ya kukaa kivulini! Mpango ulikuwa niipate kwanza, nijifunze baadaye.

"Vizuri," akasema. "Basi twende ukanichagulie ile tableti ya kuchorea. Mwanangu Shamsa ameanza chuo, ananisumbua kila siku, na mimi sijui nzuri ni ipi. Wewe mtaalamu."

Mtaalamu! Mtu ambaye hiyo tableti sijawahi hata kuigusa. Lakini ningesemaje? Akanitwisha na robota lake la kanga (alisema tutalishusha kwa mteja njiani, hatukulishusha popote), yeye mbele, mimi nyuma, "Fundi, angalia mkokoteni! Fundi, usinichafulie kanga!" mpaka tukafika Mtaa wa Aggrey, kwenye duka la kompyuta, shingo imeingia mabegani.

Dukani tulimkuta dada mmoja anaitwa Upendo, mpole, anajua kazi yake. "Kaka, unataka yenye skrini au isiyo na skrini?"

Hapo ndipo ningesema sijui, na mambo yangeishia hapo. Lakini Mama Shamsa alikuwa ananitazama kwa heshima juu ya miwani yake yenye kamba ya shanga, na mimi heshima huwa naipata kwa nadra, nikasema, "Zenye skrini ni za wanaoanza, dada, zinapasuka ovyo. Sisi wa kazi tunatumia zisizo na skrini." Kisha nikazichagua ninavyochagua tikiti maji, nikazigonga kwa kidole, nikasikiliza, nikazipima uzito mkononi, moja nikainusa (msiniulize), nikachukua nyeusi kubwa, nzito kuliko zote.

Sasa Kariakoo kifaa kinajaribiwa hapo hapo, ukishavuka mlango usirudi na maneno. Upendo akaichomeka kwenye kompyuta ya duka, ambayo kioo chake kilimwelekea yeye, akafungua programu ya kuchorea, akanipa kalamu yake, "Jaribu, kaka," akageuka kumhudumia mteja mwingine. Simu ya Mama Shamsa ikaita, akatoka nje kuongea.

Nikachora mstari. Hakuna kitu. Nikakandamiza, ubao mweusi vilevile. Nikaipulizia kalamu, nikaitikisa kama biki iliyokauka wino, kimya. Moyoni nikafurahi, maana kifaa kikiwa kibovu si kosa langu, tutarudi siku nyingine nikiwa nimeshajifunza. Na mkono wa mchoraji haukai bure, jamani, nikawa naichezea tu ile kalamu juu ya ubao niliojua umekufa, nikachora kuku. Kuku mnene, miwani puani, ile miwani yenye kamba ya shanga, pochi begani, mdomo wazi, na nyuma yake kijimtu kimetwishwa robota kubwa kuliko chenyewe. Nikaongeza jasho. Nilichora kwa hasira zote za ile safari.

Nje watu wakaanza kucheka. Nikajisemea, watu wa Kariakoo bwana, hawana kazi. Kicheko kikazidi, ikabidi nipaze sauti kitaalamu, "Dada Upendo, hii mbovu, haichori!"

Upendo akanitazama, akatazama mlangoni, akajiziba mdomo. "Kaka," akasema taratibu, "hiyo haionyeshi hapo. Inaonyesha kwenye kompyuta, na kwenye TV."

TV ipi? Ile kubwa iliyotundikwa mlangoni, uso wake mtaani, ya kuvutia wateja, ambayo mimi huku ndani nilikuwa naona mgongo wake na nyaya tu. Nikatoka. Wauza soksi, wabeba mizigo, mama wa karanga, wote wamesimama, na mbele yao kuku wangu, mpana kama meza. Niseme ukweli, sijawahi kuchora vizuri vile maishani mwangu.

Katikati yao Mama Shamsa, simu sikioni, miwani puani, shanga zinaning'inia.

"Nitakupigia, dada," akaiambia simu. "Kuna kuku hapa amevaa miwani yangu."

Nilitamani ardhi ipasuke. "Mama, nilidhani imekufa."

"Nimeona. Kumbe nzima kabisa." Akaingia ndani, akamwambia Upendo amfungie tableti ile ile, "na huyo kuku nitumie kwenye simu," kisha akalichukua robota lake, akalibeba mwenyewe. Hakunitukana hata neno moja. Bora angenitukana, usiku ningelala.

Kazi ya kanga ikaenda kwa Shamsa, anachora kwa tableti niliyochagua mimi (na kila mtu anakiri ni nzuri sana). Mimi nikarudi kwenye ngazi yangu, juani, na nikaapa kwamba mtu akiniuliza tena kitu nisichokijua, nitasema sijui kabla hajamaliza swali.

Karibu na Idi mama yangu akarudi nyumbani na doti mpya ya kanga, eti imegombaniwa, akaitandaza kitandani. Maua mji mzima, katikati yote ya kanga, na kila pembe kuku mnene wa miwani, nyuma yake kijimtu na robota, na jasho lake lote.

"Maua kayachora binti wa mwenye duka," mama akasema, "lakini huyu kuku wanasema si wake. Aliyemchora huyu ndiye fundi! Wewe si ni mchoraji, unajua ni nani?"

Nilimtazama kuku, kuku akanitazama.

"Sijui, mama," nikasema.