Bahasha ya Wifi Sizakele

Hleziphi Ngidi alianza kuiogopa ile meli wiki tatu kabla hajaiona. Maji hayakumsumbua. Kilichomkosesha usingizi ni karatasi.

Karatasi hiyo ililetwa na wifi yake, Sizakele, dada wa marehemu mume wake. Sizakele ni matroni mstaafu wa hospitali, na hata akikuomba chumvi unajikuta umesimama wima kwanza. Alikuwa amelipia chumba cha watu wawili kwenye meli ya kitalii inayotoka Durban hadi kisiwa kimoja cha Msumbiji na kurudi, safari ya siku nne. Rafiki aliyekuwa aende naye akaanguka bafuni, akavunjika nyonga.

"Utakwenda wewe, MaXaba," Sizakele alisema, akimwita kwa ukoo wa kwao kama tunavyowaita wake za watu huku kwetu. Hakuwa anauliza.

Nilikuwepo siku hiyo. Mimi na Hleziphi ni majirani hapa Umlazi, nje kidogo ya Durban, kwa miaka thelathini, ukuta kwa ukuta, na nilikuwa nimeingia kuomba vitunguu. Sizakele alisimama katikati ya sebule akaisoma ile karatasi kama hakimu. Mchana mtu avae apendavyo, ila asiingie kwenye ukumbi wa chakula na nguo za kuogelea. Jioni ndala marufuku. Jioni ya pili ni ya mavazi rasmi, wanaume suti, wanawake gauni refu.

"Na asiye na gauni refu?" Hleziphi akauliza.

"Anarudishwa mlangoni. Watu wakiangalia."

"Mimi nina sare yangu ya Alhamisi." Alimaanisha sare ya umoja wa akina mama kanisani, blauzi nyekundu, kola nyeupe na sketi nyeusi.

"Unataka kuwaombea watu wakiwa wanakula?"

Nilicheka. Hleziphi hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa kochi.

"Halafu kuna bakshishi," Sizakele aliendelea. "Nyingine wanaikata wenyewe kwenye bili. Nyingine unatoa kwa mkono, kwa anayetandika chumba na anayehudumu mezani. Usipotoa utaonekana mshamba. Ukitoa vibaya ndiyo kabisa."

"Kutoa vibaya ni vipi, wifi?"

Sizakele akaikunja karatasi. "Utakuwa unaniangalia mimi. Bakshishi ni siku ya mwisho. Usitoe kitu kabla sijakwambia."

Cha ajabu ni kwamba Hleziphi ametandika vitanda vya watu kwa miaka ishirini na sita, katika hoteli moja ya pale ufukweni. Mambo ya wageni na vyumba vyao ungedhani anayajua kuliko matroni. Lakini aliyajua akiwa upande wa ufagio. Upande wa mgeni hakuwahi kukaa hata siku moja, na ndio uliomtia baridi.

Alishonewa gauni na fundi wa Isipingo, kijani, refu hadi kwenye vifundo, lenye zipu mgongoni kutoka kiunoni hadi shingoni. Lilimbana kifuani. Fundi akamwambia zipu ikivaliwa mara mbili tatu italegea.

Wakapanda Ijumaa mchana. Mhudumu wa chumba chao alikuwa mtu mzima kutoka kisiwa cha Bali, mwembamba, mwenye mvi pembeni ya masikio, na kibandiko cha jina kifuani: Ketut. Aliwaita wote wawili "Mama". Alipoanza kutandika, Hleziphi alishindwa kukaa. Akasimama upande wa pili wa kitanda, akashika kona ya shuka, akaikunja kwa ule mkunjo wa hotelini. Ketut akamtazama, akatabasamu. Alikuwa amemtambua kuwa ni mwenzake wa kazi.

"MaXaba!" Sizakele akamkemea kwa Kizulu. "Achia shuka la watu!"

Jioni hiyo walikuta taulo limekunjwa umbo la mnyama juu ya kitanda. Hleziphi alilala pembeni kabisa ili asimharibu.

Kesho yake asubuhi, Jumamosi, walikuwa wanakunywa chai alipokumbuka kwamba ameacha miwani. Akarudi chumbani peke yake. Alipoipata akasikia magurudumu ya kitoroli cha Ketut yakija kwenye korido. Ni siku ya pili na hawajampa hata senti. Anajua vizuri wahudumu wanavyosemana kuhusu chumba cha namna hiyo. Akafungua droo. Mlikuwa na bahasha mbili za kaki, yake na ya wifi yake, walizozinunua pakiti moja duka moja. Akachukua ya juu, akaisukuma kwenye mikunjo ya tumbo la yule mnyama wa taulo, akatoka haraka kama mtu aliyeiba. Hakumwambia Sizakele. Angeanzia wapi, wakati alishakatazwa?

Siku nzima alijisikia mwepesi kidogo. Hata juisi aliagiza mwenyewe.

Jioni ikafika, ile ya mavazi rasmi. Sizakele alivaa gauni la rangi ya dhahabu na hereni zinazoning'inia hadi shingoni. Hleziphi alikuwa ameingia kwenye lile la kijani, zipu imefika nusu ya mgongo ikagoma, anasubiri wifi yake amalizie. Sizakele akafungua droo achukue pesa kidogo za picha.

"MaXaba, bahasha yangu iko wapi?"

"Si hiyo hapo?"

Sizakele akaifungua. "Hii ina mia mbili. Hii ni yako. Yangu ina randi elfu moja na mia tano."

Hapo Hleziphi akaelewa ni ipi aliyoitoa asubuhi. Akafungua mdomo.

"Nani ameingia humu?" Sizakele hakumpa nafasi. "Ni yule wa mashuka tu. Nilimwona jana jinsi anavyochekacheka."

"Wifi, labda..."

"Usimtetee! Nyie mliofanya kazi za vyumba mnajuana."

Sizakele akatoka. Mlango ukabamizwa, na hereni zikasikika zikigongana kwenye korido hadi zikapotea.

Hapo ndipo Hleziphi alipokaa kwenye kitanda, mgongo wazi, akaona kitu ambacho alikuwa amekificha moyoni miaka mingi. Mimi mwenyewe alinisimulia mara moja tu. Zamani, mgeni mmoja pale hotelini alipoteza saa ya mkononi. Hleziphi aliitwa kwenye stoo ya mashuka, akavuliwa sare na mkuu wake, akabaki na shimizi mbele ya wanawake wawili waliomkagua hadi kwenye nywele. Saa ilipatikana nyuma ya kitanda siku hiyohiyo. Mgeni alikuwa ameshaondoka, na hakuna aliyemwambia pole.

Sasa kuna mtu anafanyiwa hivyo huko juu, na aliyesababisha ni yeye.

Lakini aliogopa. Hadithi hii sitaki kuipamba. Alikaa pale dakika nzima, labda tano, akipiga hesabu za woga. Akisema, wifi yake ataaibika mbele ya wazungu, na huyo ndiye aliyesimama naye kwenye mazishi ya mume wake, ndiye aliyelipa ada ya mwanawe. Asiposema, bakshishi imetoka na safari inaendelea, hakuna atakayejua. Anasema hilo la mwisho ndilo lililomtisha zaidi, jinsi lilivyokuwa rahisi.

Akainuka. Zipu ilikataa kupanda na ikakataa kushuka. Viatu vya kisigino havikuingia haraka, akaviacha. Akajifunika taulo la kuogea mabegani, akachukua bahasha yake, akatoka na soksi tu.

Njia ya kwenda mapokezi ilipita kwenye ukumbi wa ngazi, na hapo meli nzima ilikuwa imejipanga foleni kupigwa picha. Suti nyeusi, magauni yanayoburura, marashi ya kila aina. Hleziphi alipita katikati yao na soksi ndefu zikiteleza kwenye marumaru. Mtu mmoja akamwelekeza kwa upole, "Bwawa la kuogelea liko juu, mama." Mwingine akacheka. Alishikilia taulo kwa mikono miwili, akitazama mbele tu. Alikuwa na hakika kwamba wakati wowote mtu mwenye sare atamshika mkono amrudishe.

Nyuma ya kaunta ya mapokezi palikuwa na ofisi ndogo, mlango wazi. Sizakele alikuwa amekaa. Mkuu wa wahudumu wa vyumba, mwanamume mrefu mwenye lafudhi ya Ulaya, alikuwa anaandika. Ketut alikuwa amesimama, mikono nyuma. Juu ya meza kulikuwa na ile bahasha ya kaki ya Sizakele, na kando yake kile kibandiko cha jina. Walishamvua.

"Ni mimi," Hleziphi alisema. "Bahasha niliitoa mimi."

Sizakele akageuka, akaona taulo, akaona miguu. "MaXaba, nenda kavae!"

"Samahani, bibi," mkuu akamwambia Sizakele, kisha akamgeukia Hleziphi. "Uliitoa namna gani?"

"Niliiweka kwenye taulo. Asubuhi."

"Taulo la bafuni?"

"Hapana. La yule mnyama."

Mkuu akatazama karatasi yake. "Mnyama gani?"

Hapo kichwa kikawa cheupe. Hleziphi alielewa kwamba Ketut ameshaulizwa swali hilohilo, na jibu lake limo kwenye karatasi ile, na akikosea yeye wamekwisha wote wawili. Alijaribu kumwona yule mnyama.

"Sijui," akasema, karibu kulia. "Ana pua ndefu. Mimi nilidhani panya. Lakini masikio makubwa, halafu... niliiweka chini ya tumbo."

Ketut akainua macho kwa mara ya kwanza.

"Tembo," akasema taratibu, kama mtu aliyeumia kidogo. "Ni tembo, Mama."

Mkuu akaweka kalamu chini.

"MaXaba," Sizakele alisema kwa Kizulu, sauti imeshuka, "unajua unachokisema?"

"Najua, wifi. Nilichukua ya juu nikidhani ni yangu. Yangu hii hapa. Na kule chumbani ulipouliza, nilijua. Nikanyamaza kwa sababu nakuogopa."

Mkuu akamrudishia Sizakele bahasha yake, akaomba radhi kwa usumbufu, naye akaitia kwenye pochi, akatoka bila kumtazama mtu. Mkuu akampa Ketut kibandiko, akamwambia maneno machache, akatoka.

Ketut alijaribu kukibandika. Pini ilikosa kitambaa mara mbili.

"Mama," akasema, "siku nyingine andika jina. Maneno mawili tu, 'ya Ketut'. Nimekaa melini miaka kumi na moja."

Hleziphi alitaka kumwomba msamaha, lakini Kiingereza chote kilimkimbia. Akapiga goti kidogo, kama tunavyofanya kwa watu wazima, akamnyooshea bahasha yake kwa mikono miwili. Taulo likaanguka sakafuni. Ketut aliipokea, akainamisha kichwa, akaondoka haraka kurudi kwenye vyumba vyake. Hakusema asante, na Hleziphi hakuitegemea.

Dada wa mapokezi, binti wa KwaMashu, huko huko kwetu Durban, alikuwa ameona yote. "Geuka nikufunge, mama. Vuta pumzi."

"Naogopa litapasuka."

"Likipasuka tutalibana na pini. Unadhani hao waliojipanga pale hawajabanwa na pini?"

Zipu ikapanda. Binti huyo akamwazima viatu vyake bapa vya akiba kutoka chini ya kaunta. Mlangoni mwa ukumbi wa chakula mtu mwenye glavu nyeupe alimtazama kuanzia kichwani hadi chini, na Hleziphi akasimama akingoja kurudishwa. Yule mtu akainama, akamvutia kiti.

Alikaa peke yake, mbele ya uma tatu, asiguse hata maji. Zikapita kama dakika ishirini, ndipo Sizakele akaja. Alikuwa amelia, wanja ulikuwa umefutwa vibaya jicho moja. Akaketi.

"Ungeniambia mle chumbani."

"Niliogopa."

"Kuniogopa mimi?"

"Wewe hasa."

Sizakele akaiweka menyu kando. "Wauguzi wangu nao walikuwa hivyo," akasema. "Mtu anakosea dawa, anaficha. Nilikuwa najiuliza kwa nini hawaniambii." Akachukua mkate, akaumega, akasogeza kipande kikubwa upande wa Hleziphi. "Kula. Uma wa nje ndio wa kwanza. Nadhani. Hata mimi sina hakika."

Siku mbili zilizobaki Ketut alihudumu vilevile, kwa heshima ileile, ila aliacha mlango wazi kabisa kila alipoingia, na mataulo aliyakunja mraba, bila mnyama tena. Hleziphi anasema mlango ule wazi ulimuuma kuliko kicheko cha watu wa picha. Asubuhi ya mwisho Sizakele aliandika jina kwenye bahasha, na namba ya chumba, na sahihi yake chini kama anaandika dawa, akampa Ketut mkononi. Walisemezana wawili peke yao kwenye korido. Aliporudi hakusema waliongea nini, na Hleziphi hakuuliza.

Wiki iliyopita alinisimulia tena safari hiyo tukimenya viazi. Nikamuuliza kama angepanda meli tena. Akasema wifi yake amemwalika mwakani, Mauritius, siku saba, jioni mbili za mavazi rasmi. Bado hajamjibu.