Waliombeba Kapi Hadi Gatini

Kapi, fundi wa winchi za meli, bahari aliijua kwa kutu tu. Karakana yao ilikuwa mjini, nyuma ya maduka ya vipuri, na meli zilimfikia vipande vipande kwa lori. Huko ndiko mnyororo ulikokatika, winchi ikamwangukia goti.

Wenzake walikuwa na uhakika na jambo moja kama majina yao: fidia hulipwa aliyeumia gatini tu, kando ya meli. Basi badala ya kumkimbiza hospitali, shemeji yake, yaani mdogo wa mkewe aliyefanya naye kazi pale karakanani, na wenzake wawili walimpakia kwenye pikapu ya kazini, wakampitisha geti la bandari, wakamlaza ubavuni mwa meli, wakapiga kelele kisha wakatokomea. Huruma gani hiyo, jamani! Njia nzima mashimo, goti likizidi kusagika, shemeji amempakata kichwa analia kwikwi.

Sasa goti halikunjiki na daktari anataka kulipasua upya. Bila fidia, hakuna upasuaji. Ndiyo maana Kapi, hoi bin taabani, alikuwa mbele ya karani wa fidia tena, kwa mara ya ngapi sijui.

"Mzee, wenye meli wanasema siku ile hakikuanguka hata kijiko," karani alisema. "Uliumia wapi?"

Kapi alikuwa amechoka kudanganya. "Karakanani."

"Kha! Si ungesema? Kazi ya meli ni kazi ya meli, hata ukiifanyia mlimani. Ungelipwa zamani!" Karani akashusha sauti. "Lakini umeshaandikisha uongo. Nitajie waliokubeba. Wao watafukuzwa, wewe utalipwa."

Kapi alilitazama goti lake.

"Nilikwenda mwenyewe."

"Kwa goti hilo?"

"Kwa goti hili hili."

Karani akafunga faili bila kuidhinisha malipo.

Nje, mkewe aliinuka haraka kutoka kwenye benchi. "Wanasemaje, baba watoto?"

"Wanasema karakana nayo inahesabika."

Mkewe akacheka, mara ya kwanza tangu ajali, akampigia simu mdogo wake pale pale ampe habari njema. Kapi aliegemea ukuta, akamsubiri amalize.