Nani Katwanga Unga wa Msolo

Hili lilinikuta mimi mwenyewe, hapahapa Mnero, sikuhadithiwa. Kama kuna nilichokosea labda ni mpangilio wa siku, maana kichwa changu nakijua.

Kwetu hatufungui shamba jipya mpaka mti wa msolo ukubali. Jioni mjomba, mkubwa wa ukoo, humwaga unga shinani, kilima kidogo kama kichuguu, anakifunika kwa chungu. Asubuhi kikikutwa kimesimama, wazee wetu waliotangulia wameridhia. Kikiporomoka, hakuna kushika jembe. Basi mwaka ule kikawa kinaporomoka tu. Leo kimelala, kesho kimelala! Wenzetu wa njia ya Ruangwa ufuta umeshaota, sisi tunachungulia unga, na chakula cha wanangu cha mwaka mzima kinangoja shamba hilo. Nikasema ni mchwa. Niseme haki, huenda siku ya kwanza walikuwa mchwa kweli.

Nikaenda mchana, jua la utosi, nifagie shina tumalize ubishi. Nikamkuta bibi kizee amekaa, kajifunga kaniki, ndonya ya mti imechomekwa mdomo wa juu. Ndonya, zama hizi za simu! Wewe ulimwona lini mwenye ndonya? Nikampa shikamoo. Akaulamba ule unga, akatema.

"Nani katwanga huu?"

"Mashine, bibi. Ni sembe ya dukani."

"Basi hiyo mashine ndiyo ije kuomba shamba."

Hasira zikanipanda, Mungu anisamehe. "Bibi, mvua inatupita! Tutakula nini?"

"Na mimi nauliza hilohilo."

Akainuka, akapita juu ya unga uliomwagika. Niamini, haukubaki na alama hata ya kidole. Kuinua macho, hayupo.

Nikamsimulia mjomba, hakushangaa. "Katwange," akasema. Nikatwanga mtama mwenyewe, viganja vikatoka malengelenge, huku nanung'unika. Asubuhi kilima kimesimama. Tukalima, tukavuna.

Nikadhani yameisha. Yameisha wapi! Kila mvua ikikaribia nakikuta kinu changu, ambacho wanaume wawili hukibeba kwa taabu, kimetoka jikoni kimekaa mlangoni, mchi ndani, nami natwanga tena. Mume wangu anasema nakisogeza mwenyewe usingizini. Huenda. Lakini ukoo mzima una wanawake, mbona kinu changu tu? Mjomba anacheka: "Si wewe uliyemjibu?"

Basi nawe ukiwa chini ya msolo ukaulizwa nani katwanga, fagia, unyamaze. Mimi nilijibu. Viganja vyangu hivi hapa, vitazame.