Maneno ya Mwisho ya Mama wa Ikuti

Kwaya yetu ya Tukuyu ilipokwenda misheni Ikuti, mvua ilitutangulia, na tulipoondoka tuliiacha palepale. Mchana tulihubiri chini ya turubai kwa watu wachache waliojifunika vitenge. Asubuhi tuligawanywa kwenda kuwaona wagonjwa. Mimi na mama mmoja wa maombi tulipelekwa kwa mwanamke mzee aliyepooza upande mmoja. Aliishi na binti yake, mchumaji wa chai aliyeacha kibarua ili amuuguze.

Nyumba ilikuwa katikati ya migomba, na ndani mlikuwa na giza na harufu ya kidonda. Mwenzangu alianza kuomba papo hapo, kwa sauti kubwa, akiukemea ugonjwa. Mama mzee alimtazama kwa utulivu, kisha akasema jambo kwa Kinyakyusa. Binti akainamisha uso.

"Anasemaje?" nikauliza, kwa kuwa nilikuwa nimehamia Tukuyu karibuni na lugha hiyo sikuijua.

"Msikasirike, dada. Anasema mnaomba vizuri, lakini mgongo unamuuma. Anaomba ageuzwe."

Tukamgeuza. Alikuwa mwepesi, na mgongo wake ulikuwa umechimbika kwa vidonda kiasi kwamba nilifumba macho. Binti akanionyesha namna ya kumwosha: maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kitambaa laini, kugusa bila kusugua. Nilizoea kuinua mikono kanisani, si kuitia kwenye usaha. Mama mzee akanishika kidole kwa mkono wake mzima.

"Ndaga," akasema. Asante.

Mwenzangu alihamia kundi jingine. Mimi nikawa narudi kila asubuhi, na nilipokuwa namwosha niliomba kimoyomoyo ainuke atembee. Siku moja nilimwambia binti, "Leo nenda ukachume chai. Nitakaa naye mimi."

Alisita. Akamwuliza mama yake, na mama akaitikia kwa kichwa. Binti akavaa koti la mvua, akabeba kikapu, akatoka kwa haraka kama mtu aliyefunguliwa.

Nilimwosha mama, nikamgeuza, nikaanza kumlisha uji. Hakumeza. Nilipomfuta mdomo alinikazia macho, akasema maneno machache, akayarudia. Kisha pumzi zikaanza kukatika. Nikapiga kelele kumwita jirani, akakimbia kumfuata binti shambani.

"Bwana," nikaomba, "mngojee mwanawe afike."

Hakungojewa.

Binti aliingia koti likichuruzika maji, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa chai. Akasimama palepale mlangoni.

"Nimekaa naye muda wote huu," akasema. "Siku moja tu nimetoka, dada. Siku moja."

Nikampisha afike kitandani.

"Alisema kitu?" akaniuliza.

"Alisema. Mara mbili. Lakini kwa Kinyakyusa, sikuelewa."

"Jaribu kuyasema."

Nikajaribu. Binti alisogea karibu, akitazama midomo yangu. Nikajaribu tena, taratibu, nikijua ninayaharibu. Mwisho akanishika mkono kunizuia.

"Basi," akasema. "Njoo tumwoshe."

Wanawake wa jirani walileta maji na kanga safi. Tulimwosha pamoja, binti akianzia kichwani, mimi miguuni. Hakunilaumu, wala hakulia mbele yangu. Baada ya mazishi alinipa mkungu mdogo wa ndizi, nami sikuwa na namna ya kuukataa.

Tuliporudi Tukuyu, ibadani, kiongozi wetu alieleza mafanikio ya safari, kisha akaniita nitoe ushuhuda. Nilisema nilimwosha mama mmoja mgonjwa, akafa. Nikarudi kukaa. Watu wakaitikia ameni.

Nilikwenda Ikuti nikidhani anayetumika kwa moyo safi atavuna furaha, na kwamba wema ukishatendwa kwa jina la Bwana, Bwana mwenyewe hulinda matokeo yake. Yule mama mzee alinifundisha kwamba kuna wakati sala inayotakiwa ni kugeuzwa upande tu, na hilo nimelishika. Nikienda kwa wagonjwa sasa, nanyamaza kwanza, nauliza wapi panauma. Lakini lile jingine halijanitoka. Nilitaka kumpumzisha binti, na pumziko hilo ndilo lililomnyima kumuaga mama yake. Nimelipeleka jambo hili kwa Mungu mara nyingi. Hajanijibu, nami sijaacha kulipeleka.