Niliwanawisha Wakwe kwa Maji ya Chakula

Chekeni tu, mimi nimeshazoea, na hata nikinyamaza kisiwa kizima cha Mafia kinajua: mimi Shaabani, nahodha wa boti ya watalii, mtu ninayewaambia Wazungu wapi wakanyage na wapi wasikanyage ndani ya hifadhi ya bahari, niliwanawisha wakwe zangu mikono kwenye maji ya chakula, halafu chakula chenyewe nikakila.

Nilikuwa nimemposa Mwanaidi wa kisiwa cha Chole. Mjomba alishapeleka barua, kwao wakasema tusubiri jibu, wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, mimi usingizi sina. Mjomba akanisihi nitulie, jibu la posa halikimbizwi (lakini mimi siku hizo simsikilizi mtu, nina miwani ya jua niliyoachiwa na mtalii). Nikasikia Jumamosi wazazi wake wanakuja mjini kwetu Kilindoni, baba yake, Mzee Makame, kununua misumari maana ni fundi wa mashua, na mama yake, Bi Tatu, kumsindikiza ili anunue misumari tu. Nikasema hapo hapo, nitawaalika chakula cha mchana, wamwone mkwe aliyeijua dunia.

Mtaani kwetu kulikuwa na mgahawa mpya wa Kivietnamu. Mwenyewe dada Rehana, binti wa wale wenye duka la vitambaa, alikaa Vietnam miaka kadhaa akarudi na mapishi ya huko akayachanganya na ya kwetu, supu ya tambi kwa pweza, nguru wa kukaanga kwa embe mbichi na majani ambayo sisi tungempa mbuzi. Watu wa mtaa walikuwa wakipita, wanachungulia, wanakwenda zao kwa mama ntilie. Waliokuwa wakiingia ni watalii, na sisi tunaopenda kuonekana na watalii.

Wakwe wakakubali mwaliko, basi tukakaa humo. Nikamwamkia tena Mzee shikamoo (ya tatu siku ile, roho ilikuwa haijatulia), akaitikia marahaba huku akiangalia miguu ya kiti kama atakayeulizwa ni mti gani. Meza ya pili walikuwepo watalii wawili niliowapeleka kuogelea asubuhi, wakanipungia, na mimi nikapunga kwa madaha ili wakwe waone. Dada Rehana akaleta sinia: samaki, embe, tambi, majani, rundo la vitu vya duara vyeupe, vyembamba na vigumu kama plastiki, na bakuli pana la maji ya uvuguvugu.

"Kaka Shaabani, mnajua kukunja, au niwaelekeze?"

Hapo ndipo ningesema sijui. Neno moja tu! Lakini Bi Tatu alikuwa ananitazama, na watalii wananitazama, nikajikuta nasema, "Niachie mimi dada, hiki chakula nimekila sana Dar." Dar yenyewe nimekwenda mara mbili, na mara zote mbili nilikula chipsi.

Dada Rehana akaenda zake. Mimi nikaliona lile bakuli, na nyinyi niambieni, mtoto wa pwani aliyelelewa akaona maji ya uvuguvugu kabla ya chakula, atafikiria nini? Nikainuka, nikalishika kwa mikono miwili, nikainama mbele ya mkwe. "Karibu mzee, unawe."

Mzee Makame akanawa. Sasa Mzee asubuhi ile, kabla ya misumari, alipita ufukweni akakuta watu wanapaka mashua mafuta ya papa, na yeye akiona mashua inapakwa hawezi kupita bila kutia mkono wake. Mafuta ya papa nyote mnayajua yanavyonuka. Maji yakabadilika rangi, juu yakapiga utando. Bi Tatu akanawa, nami nikanawa mwisho kwa adabu zangu zote. Kisha nikamkabidhi Bi Tatu kimoja cha vile vya duara: "Hiki cha kufutia mikono, mama. Kwao ndiyo taulo."

Akajifuta. Kikalainika, kikamnata vidoleni, akavuta huku kikanata kule, mpaka dada Rehana akaja mbio.

"Mama, hiyo inaliwa! Ni ya unga wa mchele, mnaichovya kwenye maji haya ilainike, mnakunjia samaki." Kisha akayaona maji. "Jamani. Niwaletee mengine?"

Mlango mwingine wa kutokea ulikuwa huo. Mimi nikaufunga kwa mkono wangu. "Usibadilishe," nikasema, "kule Vietnam watu wakitaka kuwa ndugu hunawa pamoja kwanza, halafu wanachovya humo humo. Ni alama ya udugu."

Dada Rehana, aliyekaa Vietnam, akaliacha bakuli pale pale. Watalii, waliokuwa wakifuata kila ninachofanya tangu asubuhi, wakaanza kunawa kwenye bakuli lao.

"Basi tuonyeshe huo udugu," akasema Bi Tatu.

Nikachovya, nikakunja, nikala. Wallahi nilikuwa natafuna mashua. Nikameza, nikatabasamu, machozi yananitoka.

"Na kingine," akasema Bi Tatu. "Udugu wa mke wangu huo, ule wa kwanza ulikuwa wangu," akadakia Mzee, na hiyo ndiyo sentensi yake ndefu kuliko zote siku ile.

Cha pili hakikufika tumboni. Nikatoka mbio, nikainama kando ya barabara Jumamosi mchana, Kilindoni nzima inapita, na kila apitaye ananipa pole kwa jina langu.

Niliporudi Bi Tatu alikuwa ameshajitanda kanga yake. "Mwanangu," akasema, "wewe si ndiye unapeleka watu baharini?"

"Ndiyo, mama."

"Siku usiyojua njia, na binti yangu yumo botini, utamwuliza mtu, au utasema umepita sana?"

Hakungoja nijibu. "Jibu la barua yenu tulikuja nalo leo, tulikuwa tumpelekee mjomba wako. Sasa tunarudi nalo Chole."

Mwezi mzima nilikaa na kauli hiyo. Miwani nikaifungia kabatini, nikaapa mbele ya mjomba kwamba neno sijui litakuwa la kwanza kinywani mwangu. Kisha wakatuita Chole, mimi na mjomba, tukakaa mkekani, Bi Tatu mwenyewe akaja na bakuli la maji akaliweka mbele yangu.

Nikakunja mikono yangu. "Mama," nikasema, "sijui. Haya ni ya kunawa au ya kula?"

Mzee Makame alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Bi Tatu hakucheka, alinisogezea bakuli.

"Ya kunawa, mwanangu. Nawa, ule, halafu mjomba wako apewe jibu lake."